Betri ndiyo ghala: historia ya sola hadi vijijini kwetu, na namna ya kuifunga salama



Huku kwetu Songea, msimu wa kuuza mahindi ndio msimu wa kununua sola. Hela ikishaingia mkononi, watu hushuka mjini na swali moja: "Paneli ya wati 100 ni shilingi ngapi?" Wachache sana huanza kwa kuuliza habari za betri. Miaka miwili baadaye paneli bado inang'aa juu ya bati, lakini nyumbani kibatari kimerudi mezani na mwenye nyumba anasema sola ni uongo.

Sola si uongo. Ukiisoma historia yake utaona kwamba tangu mwanzo shida haikuwa jua wala paneli. Shida ilikuwa betri: namna ya kuijaza, namna ya kuitumia, waya unaotoka kwake, na mahali inapotupwa ikifa. Leo nataka tuipitie historia hiyo, kwa sababu kila hatua ina somo ambalo watu wengine wameshalilipia, na wewe huna haja ya kulilipia tena.

Betri ilitangulia paneli

Mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya madini ya risasi, akayatumbukiza kwenye asidi, akapata betri ya kwanza ya aina hii inayoweza kujazwa umeme tena na tena. Betri nyeusi nzito unayouziwa dukani leo ni mjukuu wake wa moja kwa moja: risasi na asidi.

Paneli ilikuja karibu miaka 100 baadaye. Mwaka 1954, watafiti watatu wa maabara za Bell nchini Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza karibu asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Kazi aliyokuwa amepewa Chapin ilitokana na shida ya betri. Kampuni ya simu ilikuwa na mitambo kwenye nchi za joto na unyevu, na betri kavu zilikuwa zinaharibika haraka huko. Kwa maneno mengine, paneli ilitafutwa kwa sababu betri zilikuwa zinakufa kwenye hali ya hewa kama ya kwetu.

Kwa muda mrefu paneli ilikuwa kitu cha setilaiti na vituo vya simu tu. Mwaka 1977 wati 1 ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 70 za Marekani. Leo kiwandani ni chini ya nusu dola. Bei ya paneli imeanguka kabisa, lakini bei ya betri ya risasi haijaanguka hivyo. Ndiyo maana mtu anayebana kwenye betri ili anunue paneli kubwa anabana mahali pabaya.

Enzi ya kibatari na betri ya gari

Kabla ya sola, vijijini kwetu mwanga ulikuwa kibatari, chemli, na karabai kwa mwenye uwezo. Redio ililishwa betri kavu. Aliyetaka televisheni au redio kubwa alinunua betri ya gari, akaitumia mpaka ikazimika kabisa, kisha akaifunga kwenye baiskeli kuipeleka mjini kuchajiwa.

Mazoea hayo yalituachia urithi mbaya: kuamini kwamba betri imeisha pale tu taa inapozima.

Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi moja, kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha kujazwa papo hapo. Mabamba yake ni membamba. Ukiimaliza kila usiku, mabamba yanaota ukoko na kumomonyoka, na inaweza kufa ndani ya miezi michache. Betri ya sola ina mabamba manene yanayovumilia kujazwa na kutolewa kila siku, lakini nayo ina mpaka.

Ifikirie kama ghala la mahindi. Unakula, unauza, lakini mbegu huigusi. Ukila mbegu, mwakani huna shamba. Kwa betri ya risasi na asidi, nusu ya chini ndiyo mbegu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Wewe panga kutumia 600 tu.

Piga hesabu ya nyumba ya kawaida. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Redio ya wati 10 kwa saa 5 ni 50. Simu tatu ni kama 30. Jumla ni wati-saa 300 kwa siku. Betri hiyo itakubeba siku mbili bila jua la maana, na hiyo ndiyo akiba unayohitaji Januari na Februari mawingu yakitanda.

Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua zuri, ukitoa upotevu wa joto, vumbi na waya, hukupa kama wati-saa 350. Kwa hiyo inatosha kiangazi lakini masika inabana, na ukiweza chukua ya wati 150. Wewe mwenye duka unayetaka friji ya soda usiibebeshe mfumo huu. Friji inaweza kula wati-saa 1,000 au zaidi kwa siku, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Kutoka Meru hadi Karagwe: somo la kontrola

Sola ya majumbani ilishika kasi Afrika Mashariki ikitokea Kenya. Mwaka 1984, shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ilifungiwa umeme wa jua. Waliohusika zaidi walikuwa Wamarekani wawili: Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea pale, na mhandisi Harold Burris. Vijana wa eneo hilo walifundishwa kazi kwa vitendo. Walimu na wakulima wa jirani walipoona taa zinawaka bila jenereta, nao wakataka majumbani kwao. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1990, shirika la KARADEA kule Karagwe, mkoani Kagera, lilianzisha kituo cha kufundisha mafundi wa sola, wakajifunza hapo mafundi wa nchi mbalimbali za Afrika.

Biashara ilikua kuliko mafunzo. Wakenya wengi walinunua paneli ndogo na betri ya aina ya gari, wakaunganisha moja kwa moja bila kontrola, kwa sababu kontrola ilionekana ni gharama ya bure. Baadaye wataalamu walipozipima paneli sokoni, waligundua pia kwamba baadhi zilitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa mgongoni.

Kontrola ni mlinzi wa ghala. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia paneli isiendelee kusukuma umeme betri ikishajaa. Betri ya asidi inayojazwa kupita kiasi huchemka, hukauka maji, na hutoa gesi ya hidrojeni ambayo ni nyepesi kuliko hewa na hulipuka kwa cheche ndogo. Kazi ya pili ni kukata matumizi betri inapofika chini. Fundi akikuambia, "Tuipite kontrola ili taa ziwake muda mrefu," ujue anakushauri ule mbegu.

Liko pia somo la uelekeo. Meru na Karagwe ziko karibu na ikweta, hivyo upande wa kuelekeza paneli hauna uzito mkubwa huko. Sisi Songea tuko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwetu paneli ielekee kaskazini, imelala kwa mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15, ili ipate jua la Juni na Julai na mvua iioshe vumbi. Paneli iliyofungwa kufuata tu bati lilivyolala inaweza kuwa imegeukia kusini mwaka mzima. Angalia pia kivuli. Tawi moja la mwembe likifunika kona ya paneli linaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe.

Volti 12 haikurushi, lakini inachoma

Mafundi wengi wa kwanza wa sola vijijini walikuwa mafundi redio au mafundi wa umeme wa nyumba. Walikuja na waya waliouzoea, na hapo likazaliwa tatizo ambalo hadi leo nalikuta.

Umeme wa TANESCO una volti 230. Kifaa cha wati 120 kwenye umeme huo kinavuta nusu ampea tu, na waya mwembamba unatosha. Kifaa hicho hicho kwenye volti 12 kinavuta ampea 10. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi mita 20, unapoteza zaidi ya volti 2 njiani. Taa inafifia, televisheni inazima, na wewe unailaumu betri. Ukiweka waya wa milimita 6 unapoteza kama nusu volti tu.

Umeme unaopotea njiani hauendi bure. Unageuka joto ndani ya waya. Kwenye nyumba ya bati joto hilo linayeyusha ganda la waya. Kwenye nyumba ya nyasi linaweza kumaliza nyumba. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni ndipo moto unapoanzia mara nyingi.

Kwa hiyo fyuzi ni lazima. Betri ya ampea-saa 100, chanya na hasi zikigusana, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo mmoja. Spana ikianguka juu ya vichwa vyake viwili inawaka nyekundu. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kabla waya haujaanza safari. Ikikatika, tafuta sababu. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara badala yake.

Malipo ya kidogo kidogo

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania 2008. Kuanzia mwaka 2012 hivi, kampuni kama M-KOPA kule Kenya, na Off Grid Electric na Mobisol zilizoweka makao Arusha, zikaanza kukopesha sola na kupokea malipo kwa simu. Mteja alipata paneli, betri, kontrola, taa na nyaya vilivyopangwa kufanya kazi pamoja. Ndani ya boksi kulikuwa na kila kinga ambayo fundi wa mtaani alikuwa anairuka.

Mifumo ile ilitufundisha kununua mfumo mzima uliolingana, badala ya kipande kimoja kimoja kutoka maduka matano. Hatari huja deni likiisha, watu wanapofungua boksi ili waongeze betri ya gari pembeni. Kontrola ya ndani haikupimwa kwa betri hiyo. Ukitaka kukua, jenga mfumo wa pili ulio kamili na uache ule wa kwanza ufanye kazi yake.

Umeme wa gridi ulipofika

Kwa miaka mingi Songea mjini ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mafuta yote yalisafirishwa kwa barabara. Mwaka 2015 Masista Wabenediktini wa Chipole waliwasha mtambo wa maji wa Tulila kwenye mto Ruvuma, wa megawati 5, wakaanza kuiuzia TANESCO umeme. Mwaka 2018 ikakamilika njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yapata kilomita 250, yenye vituo vya kupoza umeme Madaba na Songea. Hatimaye tukaunganishwa na gridi ya taifa.

Wengi walidhani huo ndio mwisho wa sola. Lakini umeme kufika kijijini si sawa na kufika kila kitongoji, na mwenye saluni, mashine ya kukamua juisi au kibanda cha miamala hapendi kufunga biashara kila umeme unapokatika. Hivyo sasa nyumba moja ina TANESCO na ina sola yenye inveta.

Hapo imezaliwa hatari ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Mtu anachukua waya kutoka kwenye inveta na kuuchomeka kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme wa inveta unaweza kutoka nje kupitia mita hadi kwenye nguzo. Fundi wa TANESCO aliyepanda akijua laini imezimwa anakutana nao. Na gridi ikirudi ghafla, inveta yako inaungua, pengine pamoja na nyumba. Kama una vyanzo viwili, lazima kuwe na swichi ya kubadilisha inayotenganisha kabisa TANESCO na inveta, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Nanyi wenye pampu za sola bondeni, kumbukeni kwamba paneli haina swichi. Jua likiwepo, umeme upo. Paneli nyingi zikiungwa mfululizo hufikisha volti mia na zaidi, na umeme huo ukikatwa ovyo huruka cheche isiyozimika haraka. Zima kwanza swichi kuu ya mfumo, funika paneli kwa turubai nzito, ndipo uguse maungio.

Betri mpya za lithiamu

Betri za lithiamu ziliingia sokoni duniani mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na leo zipo hadi Songea mjini. Ni nyepesi, hazina asidi, na aina ya lithiamu, chuma na fosfati inakuruhusu kutumia sehemu kubwa ya ghala bila kuua mbegu. Bei yake ni kubwa mwanzoni, lakini ikitunzwa inadumu miaka mingi zaidi.

Masharti yake ni matatu. Kontrola iwe na mpangilio wa lithiamu, kwa sababu uchajaji wa betri ya asidi unaweza kuiharibu. Usiichanganye na betri ya asidi wala na betri ya zamani. Na seli zilizotolewa kwenye kompyuta chakavu au pikipiki, zikafungwa gundi bila kidhibiti cha ndani, usiingize nyumbani kwa bei yoyote. Betri ya lithiamu iliyovimba au kupata joto isiyolijua, itoe nje mbali na nyumba na usiichaji tena.

Betri ikifa, hatari haijafa

Somo hili la mwisho ndilo lililolipiwa kwa bei kubwa kuliko yote.

Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, nje ya Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wanavunja betri kuukuu na kupepeta udongo wa pale ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Udongo ulibebwa hadi majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Februari 2008 walikufa watoto 18. Sumu ilikuwa kwenye vumbi walilochezea.

Karibu zaidi na sisi, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu. Wafanyakazi na watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo na mwanawe akaugua, aliongoza wakazi kudai haki, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024.

Risasi haina harufu wala haichomi mkono. Inamwingia mtoto kwa vumbi na moshi, inadhoofisha akili yake, na haiponi kwa kunywa maziwa. Kwa hiyo mtu akija kununua betri yako mbovu akayeyushe chubwi za nyavu za Ziwa Nyasa, mkatalie. Usivunje betri uani, usimwage asidi shambani wala karibu na kisima, na usitumie boksi la betri kunyweshea kuku. Ihifadhi ikiwa nzima na imesimama, kisha irudishe kwa muuzaji anayepokea za zamani unaponunua mpya. Ukishikana naye vizuri atakupunguzia bei.

Kabla hujalipa na kabla hujawasha

1. Andika matumizi yako ya siku kwa wati-saa, ndipo uchague betri, kisha paneli. Usianzie kwenye paneli.
2. Nunua kwenye duka linalotoa risiti na dhamana ya maandishi. Angalia alama ya TBS. Omba paneli ipimwe kwa mita juani mbele yako.
3. Betri isikae chumba cha kulala, jikoni, wala stoo ya mbolea, petroli au mafuta ya taa. Iwe juu ya ubao, penye tundu la hewa kwa juu, na watoto wasiifikie.
4. Kufunga: betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli, mwisho matumizi. Kufungua: kinyume chake. Vua pete na saa ya chuma.
5. Dukani vitu viwili tofauti huitwa "maji ya betri". Kuongezea, tumia maji safi yasiyo na chumvi. Usiongeze asidi. Asidi ikikurukia machoni au mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda zahanati.
6. Kila mwezi kagua kiwango cha maji, safisha vichwa vya betri, kaza maungio, na futa vumbi kwenye paneli asubuhi kabla haijapata moto.
7. Kwenye radi kali, chomoa televisheni na ukae mbali na nyaya.

Kijana wako akipenda kazi hii, mpeleke akasome ufundi umeme, VETA Songea ipo. Kijiji chenye fundi mmoja anayejua sababu ya fyuzi kimeokoa nyumba nyingi.

Nakutakia mauzo mema ya mahindi. Na hela ikiingia, uliza kwanza habari za betri.